Saa Imeanzia Wapi?

Tarehe 1 Aprili 1985 jarida la Datamation la Marekani lilichapisha makala fupi ambayo jina lake, tukilifasiri, ni "Kipimo cha Nguvu za Kuchakata Miamala". Mahali pa jina la mwandishi pameandikwa "Anon et al", yaani mtu asiyejulikana pamoja na wenzake. Wenzake hao walikuwa wengi, wa makampuni na vyuo mbalimbali, lakini mkono ulioshika kalamu ulikuwa wa Jim Gray, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tandem. Ndiye Gray aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, na ndiye aliyetweka tanga peke yake kutoka San Francisco tarehe 28 Januari 2007, asionekane tena, yeye wala mashua yake. Makala hiyo mafundi wameitumia, wameinukuu na wameipora. Walioisoma kama yasomwavyo maandishi ya mtu yeyote, kwa kuyasifu yanapostahili na kuyakosoa yanapopungua, ni wachache.

Nataka kuisoma hapa kwa jicho la mhakiki, kwani jambo linalozungumzwa ndani yake linamgusa kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la karani akaambiwa asubiri kidogo, mtandao unasumbua. Hifadhidata ni daftari. Ni daftari kubwa mno, lenye mamilioni ya mistari, na karani hulifungua kwa kuliuliza: akaunti namba fulani ina salio gani? Mashine hulisoma swali lile, hupanga njia ya kulijibu, husubiri zamu yake iwapo mwingine ameushika mstari huohuo, huutafuta mstari kwenye diski au kwenye kumbukumbu ya karibu, hukokotoa, hugeuza jibu kuwa maandishi, hulituma kwenye waya, na mwishowe jibu huonekana kwenye kioo cha karani. Sasa niambie, msomaji: katika hatua zote hizo, muda wa swali ni upi?

Ukimwuliza fundi atakutajia tarakimu, na tarakimu yake aghalabu huwa ya kweli. Tatizo si ukweli wake. Sisi tunaosema Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana saa zetu tunazihesabu tangu macheo na machweo, na Mwingereza huzihesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Mwambie mgeni aje saa mbili, naye aitazame saa yake bila kuuliza. Mtapishana kwa saa sita nzima, na saa zenu zote mbili zitakuwa sahihi. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni kuulizana tu hesabu imeanzia wapi.

Turudi kwenye makala. Ina vipimo vitatu, na mashuhuri kati yake ni kile kiitwacho DebitCredit, kilichojengwa kwa mfano wa benki. Mteja anaweka au anatoa fedha. Mstari wa akaunti yake unabadilishwa, wa karani unabadilishwa, wa tawi unabadilishwa, na kumbukumbu ya tendo hilo inaongezwa kwenye historia. Basi. Kwa kila muamala mmoja kwa sekunde ambao mashine inajidai kuumudu, sharti daftari lake liwe na matawi 10, makarani 100 na akaunti 100,000. Kila karani hukaa kwa wastani wa sekunde 100 akihesabu noti na kusalimiana na mteja kabla hajaigusa tena mashine. Na sharti kuu ni hili: asilimia 95 ya miamala ijibiwe chini ya sekunde moja.

Hapa pana jambo la kusifiwa bila kigugumizi. Wauzaji wa mashine walikuwa na desturi ya kutaja wingi wa kazi tu: mashine yetu hufanya miamala kadhaa kwa sekunde. Wingi bila muda wa kungoja ni sawa na daladala inayojisifu kwa idadi ya abiria iliowabeba bila kusema wamefika saa ngapi. Gray na wenzake waliufunga wingi kwenye kungoja kwa fundo moja, kiasi kwamba huwezi kuitaja tarakimu ya kwanza kabla hujaitimiza ya pili. Tena wakaongeza bei: mashine itagharimu kiasi gani kuinunua na kuitunza kwa miaka mitano, igawanywe kwa wingi wa kazi yake. Kwa mhasibu wa serikali maskini, sentensi hiyo peke yake ina thamani kuliko vitabu vizima vya matangazo.

Hata hivyo, soma kwa makini walivyoufafanua huo muda wa kujibu. Saa inaanza pale biti ya mwisho ya ombi inapowasili kutoka kwenye waya wa mawasiliano, na inasimama pale biti ya kwanza ya jibu inapotoka kwenda kwenye waya. Saa imetundikwa mlangoni mwa mashine. Tena imeanza kwa kuchelewa na imesimama kwa kuwahi: safari ya ombi haimo, safari ya jibu haimo, na hata katika jibu lenyewe, kilichohesabiwa ni kuchungulia kwake tu mlangoni. Karani aliye upande wa pili wa waya mbovu anaweza kungoja sekunde tisa, na mashine ikaandika nusu sekunde kwa moyo mweupe. Waandishi hawakulificha hilo. Wamelisema kwa uwazi, na wakasema ndivyo wapimaji wengi walivyofanya. Lakini kusema wazi kwamba umemwacha mtu nje si sawa na kumwingiza ndani.

Nimewahi kuketi katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikilipa mafao ya wastaafu. Ubaoni mwa fundi palikuwa na karatasi: wastani wa muda wa swali, sekunde 0.3. Nje, kwenye mabenchi, wazee walikuwa wakingoja tangu kulipopambazuka. Yule fundi alikuwa kijana mwadilifu na hakuwa akimdanganya mtu. Kila asubuhi mkuu wa ofisi aliagiza ripoti ya mwezi mzima, nayo ilikuwa ikilifunga jedwali la malipo kwa kufuli mpaka imalize. Maswali ya makarani yalikuwa yakingoja kufuli lifunguliwe. Likifunguliwa, kila moja lilijibiwa kwa sekunde 0.3. Chombo cha kupimia kilianza kuhesabu kufuli lilipofunguliwa. Wazee walianza kuhesabu kulipopambazuka. Nilimwuliza kijana kwa nini hakupima kuanzia dirishani, akaniambia dirisha si idara yake.

Asidhani mtu kwamba hilo ni la ofisi ile tu. Mwongozo wa MySQL, hifadhidata inayotumika duniani kote, unasema waziwazi kuhusu orodha yake ya maswali yanayokawia kwamba muda wa kupata kufuli za mwanzo hauhesabiwi kuwa muda wa utekelezaji. Na hapo hapo, kiwango kilichowekwa tangu kiwandani ili swali lihesabiwe kuwa limekawia ni sekunde 10. Swali linalochukua sekunde tisa halimo orodhani. Kwa mtu anayepitisha swali moja kwa siku, sawa. Kwa ukurasa wa kompyuta unaouliza maswali thelathini ili ukamilike, sekunde mojamoja zinatosha kumfukuza mteja.

Au chukua PostgreSQL, ambayo mimi naipenda zaidi kwa kuwa hukuonyesha matumbo yake. Ukitanguliza amri ya EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali, mashine italitekeleza swali kwelikweli na kukuchorea mti wa hatua zote, kila hatua na muda wake kwa milisekunde. Chini kabisa huandika muda wa kupanga njia na, mbali na huo, muda wa kutekeleza. Ni chombo kizuri, nacho kina mitego inayostahili kujulikana. Wa kwanza ni kwamba mistari ya jibu haitumwi kwa muulizaji, inatupwa. Swali linaloleta maandishi marefu ya mistari laki moja laweza kuonekana jepesi kabisa, na ukiliuliza bila amri ile likakaa sana, kwani uzito wake wote ulikuwa katika kuyageuza majibu na kuyasafirisha. Ni mwaka 2024 tu, katika toleo la 17, ndipo wakaongeza chaguo la kuipima kazi ya kuyageuza majibu. Safari ya kwenye waya bado haimo.

Mtego wa pili umewanasa wengi. Muda unaoandikwa kwenye hatua ni wa mzunguko mmoja. Hatua ikiandikwa milisekunde 0.03, jicho huiruka. Kumbe pembeni imeandikwa kwamba imerudiwa mara 40,000, na ukizidisha unapata milisekunde 1,200, yaani sekunde moja na zaidi. Haba na haba, lakini aliyeandika ameonyesha haba moja na kibaba akakuachia ukitafute mwenyewe. Wa tatu ni kwamba kutazama saa nako kuna gharama. Mashine hulazimika kuitazama saa kila inapoingia na kutoka katika hatua, kwa kila mstari, na palipo na mistari mingi, kwenye mashine ambayo saa yake ni nzito kusomwa, swali linalopimwa huchukua muda mrefu kuliko swali lilelile lisipopimwa. Ndiyo maana wakaweka njia ya kuizima saa ya hatua na kubakiza ya jumla.

Na swali likiulizwa mara ya pili hujibiwa haraka kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa kurasa za daftari tayari zimo katika kumbukumbu ya karibu. Fundi akitaka kukufurahisha atakuonyesha mara ya pili. Wale wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Dina Bitton, David DeWitt na Carolyn Turbyfill, walioandika kipimo chao mwaka 1983, waliliona hili mapema: walitengeneza nakala mbili za jedwali la mistari 10,000, na wakapishanisha maswali kati ya nakala hizo ili swali lisikute meza imekwisha kuandaliwa. Walitaja majina ya bidhaa na nyakati zake. Oracle haikupendezwa na matokeo yake, na tangu enzi hizo mikataba ya leseni za makampuni kadhaa ina kifungu kinachomkataza mnunuzi kutangaza vipimo alivyovifanya bila idhini. Kifungu hicho wenyewe wamekibandika jina la DeWitt. Ajabu ya soko: unauziwa saa kwa sharti usimwambie jirani inasema saa ngapi.

Lakini nimesema nitaihakiki makala ya mwaka 1985, na sijafika kwenye lile ninaloliona kuwa hazina yake. Si ile sekunde moja inayonukuliwa na kila mtu. Ni wale makarani 100.

Nifuate katika hesabu ndogo. Tuseme mashine inapokea swali moja kila sekunde. Kwa dakika moja inajibu vizuri, kila swali kwa sekunde 0.01. Kisha inaganda dakika nzima, ikiwa na lake, na baadaye inazinduka na kujibu yote yaliyolimbikizana. Katika dakika hizo mbili wamekuja watu 120. Sitini wamejibiwa papo hapo. Sitini wamekutana na mgando: wa kwanza amengoja sekunde 60, wa pili 59, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Nusu ya watu wameumia, na wastani wa kungoja kwa wote ni sekunde 15 na ushei.

Sasa mlete mpimaji mvivu. Huyu ameandika programu inayouliza swali, inangoja jibu, ndipo inapouliza jingine. Katika dakika ya kwanza ameuliza mara 60. Mashine ilipoganda, aliuliza mara moja na akanyamaza akingoja. Daftari lake lina vipimo 61: sitini vya sekunde 0.01 na kimoja cha sekunde 60. Wastani unakuja chini ya sekunde moja. Asilimia 98 ya maswali yake yamejibiwa chini ya sekunde moja, na kwa sharti la Gray la asilimia 95 mashine imefaulu! Watu 59 walioumia hawamo kabisa katika hesabu, kwa kuwa mpimaji alikuwa na adabu ya kutouliza wakati mashine imezidiwa. Mhandisi Gil Tene ameupigia kelele udhaifu huu miaka mingi na kuupa jina lake. Ni kama kuhesabu shida ya maji mtaani kwa kusimama foleni mwenyewe tu: bomba likikatika, foleni nyuma yako inafika barabarani, na wewe unaandika kwamba umepata tatizo moja.

Rudisha sasa makarani 100 wa Gray. Kila mmoja hurudi kwenye mashine baada ya sekunde 100, bila kujali mwenzake amejibiwa au la. Mashine ikiganda dakika moja, makarani 60 watajigonga kwenye ukuta huo mmoja mmoja, na wote 60 wataandikwa. Kipimo kitaanguka, na kitaanguka kwa haki. Wingi wa makarani na upole wao, vile vitu ambavyo muuzaji huviona ni mapambo ya kumfurahisha mwenye benki, ndivyo vilivyokuwa vikiilinda tarakimu isiseme uongo. Sidai kwamba Gray alilikusudia hilo. Katika makala halijaelezwa. Alitaka kufanana na benki, na kufanana na benki kukamlipa.

Hilo ndilo lililoondolewa kwanza. Miaka iliyofuata makampuni yalikuwa yakitangaza matokeo ya kipimo kilichoitwa TP1, ambacho kilikuwa ni miamala ileile ya benki bila waya na bila watu: mashine inajiuliza yenyewe mfululizo na kujijibu. Tarakimu zikapanda kwa sababu hiyo. Mwezi Agosti 1988 Omri Serlin akayakusanya makampuni manane, likaundwa Baraza la TPC ili kuleta nidhamu, na Novemba 1989 likatoa kipimo chake cha kwanza, TPC-A. Kwa upande mmoja kilirekebisha kosa la Gray moja kwa moja: saa iliondolewa mlangoni mwa mashine ikapelekwa upande wa karani, ianze kabla biti ya kwanza haijaondoka na isimame baada ya ya mwisho kufika. Hili lilikuwa tendo la uungwana na halijasifiwa vya kutosha. Kwa upande wa pili, sharti lililegezwa: asilimia 90 badala ya 95, sekunde mbili badala ya moja. Na makarani wakapunguzwa kutoka 100 hadi 10 kwa kila muamala wa sekunde, kila mmoja akirudi baada ya sekunde 10. Mgando wetu wa dakika moja, uliowanasa makarani 60 kwa Gray, hapa ungewanasa 10 tu. Vipimo 60 vizuri na 10 vibaya, sawa na asilimia 85 na ushei. Kipimo bado kingeanguka, lakini kwa tundu la sindano. Kwa TP1, ambako karani hayupo, kingepita kifua mbele.

TPC-C, kilichoidhinishwa mwaka 1992 na ambacho kinaendelea kutajwa hadi leo, kiliwarudisha watu kwa heshima zaidi: karani ana muda wa kuandika na ana muda wa kufikiri, na makarani ni 10 kwa kila ghala la bidhaa, hivyo huwezi kuongeza wingi wa kazi bila kuongeza maghala na watu wake. Ni kipimo kizito na cha gharama. Kwa hiyo ziko programu za bure zinazokiiga, mojawapo ikiitwa HammerDB, nazo kwa ukweli wao hazidai kuwa ni TPC-C yenyewe. Ukizifungua zinakuja zikiwa zimezimwa muda wa kuandika na muda wa kufikiri. Anayewataka makarani sharti awawashe mwenyewe.